Mabadiliko ya mtandao yaandikwe kabla hayajafanywa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe rai kuhusu mitandao ya kompyuta katika ofisi zinazohudumia wananchi hapa Lamu. Mtu wa Faza au Kizingitini huamka alfajiri, akalipa nauli ya boti hadi Amu, yaani mji wa Lamu, kisha akifika dirishani huambiwa kwamba sistimu imelala, arudi kesho. Kwake yeye, kesho ni nauli nyingine.

Lawama hutupiwa umeme au nyaya za baharini. Ni kweli kwamba Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na Afrika Mashariki ikataabika, lakini balaa nyingine huzaliwa ndani ya mtandao wenyewe, mtu anapobadilisha mipangilio bila utaratibu. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa takriban saa 6 kwa sababu ya amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida. Programu iliyopaswa kuizuia ilikuwa na kasoro, ikaiachilia ipite, na wahandisi wakachelewa kwa kuwa nyenzo zao za ukarabati zilitegemea mtandao uleule uliozimika. Ikiwa wao wenye wataalamu tele walikwama hivyo, sisi tunaotegemea fundi mmoja tuna haja kubwa zaidi ya nidhamu.

Katika ofisi moja nimeona kabati la vifaa ambalo nyaya zake hazina lebo hata moja, vichwa vyake vimeliwa na chumvi ya bahari, na nenosiri la ruta, kifaa kinachounganisha mtandao wa ofisi na intaneti, alilijua fundi aliyekwisha kuhamia Mombasa. Mtandao ulipoanguka, kilichofuata kilikuwa kuchomoa na kuchomeka kwa kubahatisha, ingawa swali la kwanza lingepaswa kuwa: ni nini kilichobadilishwa tangu mara ya mwisho ulipofanya kazi? Hakuna aliyeweza kulijibu, maana hapakuwa na daftari.

Napendekeza kwamba kila badiliko liandikwe kabla, likionyesha sababu yake na namna ya kurudisha hali ya awali iwapo litaharibu. Mtu wa pili alipitie. Na lifanywe baada ya saa za kazi, wala si asubuhi foleni ikiwa imejaa. Nakala ya mipangilio ya ruta na ya swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi) ihifadhiwe nje ya vifaa hivyo, na iwepo njia ya pembeni ya kuvifikia, hata kama ni modemu ya laini ya simu. Kukagua kutu na kuweka lebo ni kazi ndogo, ila ifanywe kwa ratiba.

Zaidi ya yote, mikataba ya mafundi iweke wazi kwamba ramani ya mtandao na maneno ya siri ni mali ya ofisi, na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka vyote viwili vikabidhiwe kwa maandishi.

Msomaji,
Langoni, Lamu