Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama Watengeneza Gemu, Arusha na Moshi

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawashukuru wote mliofika leo hapa Sekei, na kwa namna ya pekee wenzetu wawili waliopanda Coaster alfajiri kutoka Moshi. Wawili. Tawi la Moshi lina wanachama 19 kwenye orodha.

Shughuli za kawaida mnazijua, nitazipitia haraka. Jumamosi za mazoezi ziliendelea. Mafunzo kwa wanafunzi wa sekondari yalifanyika Njiro na Tengeru, na shule zote mbili zimeomba turudi. Januari tulishiriki Global Game Jam, tukio la kila mwaka ambapo watu duniani kote hutengeneza gemu kwa siku chache, kama miaka iliyopita, tukakesha ukumbini, umeme ukakatika, jenereta ikatuokoa. Tulikuwa na msiba mmoja na harusi mbili, chama kikashiriki kadiri ya uwezo. Usajili wetu uko hai.

Sasa nije kwenye jarida la gemu tulilochapisha mwaka huu badala ya kununua kompyuta ya chama, maana najua ndilo lililowatoa baadhi yenu nyumbani leo.

Maneno yamekuwa mengi. Imesemwa kwamba fedha ya kompyuta imeliwa na karatasi. Imesemwa kwamba Mwenyekiti aliamua peke yake. Imesemwa pia, na aliyesema yumo humu ndani, kwamba watu wa kompyuta kuchapisha jarida la karatasi mwaka huu ni sawa na fundi simu kufungua duka la stempu. Nilicheka kama wengine. Ila naomba nijibu.

Kwanza hilo la kuamua peke yangu. Mkutano wa Machi uliitishwa mahsusi kwa suala hili. Tangazo lilikaa kwenye kundi la WhatsApp wiki tatu nzima, na alama za kusomwa tuliziona. Akidi ni watu 22, wakafika 11. Tukaahirisha kwa siku 14 kama katiba inavyotaka, wakafika 9. Katiba yetu inasema mkutano ukikosa akidi mara mbili, kamati tendaji inaamua. Kamati ikaamua, kura 5 kwa 2, na mimi sikupiga kura kwa kuwa haikuhitajika. Asiyekuwepo na lake halipo. Cha ajabu, ambao hawakufika mara zote mbili ndio waliorusha sauti za dakika saba saba kwenye kundi baada ya mchapaji kulipwa.

Kuhusu kompyuta. Tulivuka mwaka tukiwa na shilingi 1,310,000. Kompyuta mpya yenye kadi ya picha inayofaa kazi zetu haipatikani kwa fedha hiyo. Na tungeipata, ingekaa wapi? Hatuna ofisi. Ingekaa sebuleni kwa mmoja wetu, na leo tungekuwa tunajadili watoto wake wanaitumia saa ngapi kwa siku.

Kuhusu karatasi yenyewe, sikulitoa wazo hili hewani. Vijana wa Uingereza miaka ya 1980 walijifunza kazi hii kwa kunakili msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, kutoka kwenye majarida, mstari kwa mstari, mpaka ndani ya kompyuta za nyumbani kama ZX Spectrum. Marekani walikuwa na jarida la Game Developer kuanzia 1994, ambamo watengeneza gemu wenyewe walieleza gemu ilipokwenda vizuri na ilipoharibikia. Mweka Hazina amenikumbusha, tena mbele za watu, kwamba jarida hilo lilifungwa mwaka 2013, na kwamba Wireframe la Uingereza lililoanza 2018 nalo liliacha karatasi baada ya miaka michache. Ni kweli. Lakini Game Developer lilifungwa likiwa na miaka 19. Sisi tuna toleo moja.

Sababu yangu kubwa niliisema tangu mwanzo. Gemu zetu zinaishi ndani ya simu, na mzazi akimwona mwanawe ameinamia simu anachokiona ni bando linateketea. Mama wa mwanachama wetu mmoja ana genge Ngarenaro. Jarida amelitia kwenye mfuko wa nailoni, analining'iniza kwenye msumari mmoja na kalenda, na mteja akija kununua nyanya anafunguliwa ukurasa wenye picha ya gemu ya bao aliyotengeneza bintiye. Miaka miwili binti huyu ameambiwa aache michezo atafute kazi. Gemu yenyewe ilikuwa dukani Play Store muda wote huo, ada ya dola 25 ya kujisajili amelipa mwenyewe kwa kuuza vocha, na mama hakuwahi kuifungua. Nakala aliyopelekewa mama huyo nilimkabidhi mimi mwenyewe.

Yaliyomo hayajalalamikiwa na yeyote, ingawa sijasikia pia aliyeyasifu. Tuliandika habari za Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, waliotoa gemu yao ya Aurion mwaka 2016 baada ya kuchangiwa na wapenzi wa gemu mtandaoni. Tulieleza kwa nini wengi wetu tumehamia Godot, injini (programu ya kutengenezea gemu) ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi tangu 2014, hasa baada ya wenye injini ya Unity mwaka 2023 kutangaza ada kwa kila gemu inayosakinishwa kisha kuifuta mwaka uliofuata. Tuliweka gharama za kuingiza gemu Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, dola 100 kwa kila gemu, ili mtu asiuze ng'ombe kwa kusikia. Makala hayo matatu, kwa kumbukumbu tu, ni yangu.

Kilichosemwa sana ni jalada. Picha ni ya usiku chini ya Mlima Meru, zambarau na buluu, kwenye skrini inang'aa kweli kweli. Kwenye karatasi imetoka kama masizi ya sufuria. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, mchapaji anachanganya wino wa rangi nne, na zambarau ile wino haiifikii. Mchapaji alishauri tulipie nakala ya majaribio kwanza. Nani alisema tubane matumizi, muhtasari upo, sitamtaja.

Msimbo wa ukurasa wa 18 nao haufanyi kazi ukiunakili ulivyo. Lugha ya Godot inategemea nafasi zinazoachwa mwanzo wa mstari, na kijana aliyetupangia kurasa alisogeza mistari yote iguse ukingo ili ipendeze. Wiki hiyo nilikuwa safarini. Wanafunzi watatu wa Tengeru wameugundua ubovu na kuurekebisha wenyewe, na kwa maoni yangu wamejifunza zaidi ya tulichokusudia kuwafundisha.

Sasa picha yangu ya ukurasa wa 3. Jarida la kubanwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne. Letu ni la kurasa 32, na mpaka siku ya mwisho tulikuwa na 31. Mchapaji anasubiri, waliokuwa wameahidi makala hawapokei simu. Nikaandika salamu za Mwenyekiti. Salamu zilikuwa fupi, nafasi ilikuwa kubwa, na picha ikawa ya ukubwa ule.

Leseni pia imelalamikiwa. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka chapisho la namna hii liwe na leseni ya Idara ya Habari MAELEZO, na huhuishwa kila mwaka. Walioshauri tuchapishe kimyakimya wasingeitwa wao kujieleza. Jina lililo ukurasa wa kwanza ni langu.

Fedha. Salio la mwanzo 1,310,000, ada 460,000, michango maalumu 1,150,000, matangazo ya jarida 600,000, mauzo ya jarida 735,000, mafunzo 480,000. Jumla 4,735,000. Matumizi: uchapaji 2,250,000, leseni, upangaji kurasa na usafirishaji 740,000, ukumbi, jenereta na intaneti 860,000, mengineyo 412,000. Jumla 4,262,000. Salio 473,000. Nakala zilikuwa 500: zilizouzwa na fedha kuonekana 147, za bure 96, zilizo Moshi tangu Agosti 40, zilizobaki 217. Hizo 40 za Moshi ni shilingi 200,000, na wajumbe wawili waliofika leo nawaomba wasiondoke kabla hatujaongea.

Ada ni shilingi 20,000 kwa mwaka mzima. Wanachama ni 64, waliolipa ni 23. Yupo anayedaiwa tangu 2022 na simu aliyobadilisha juzi ina kamera tatu nyuma. Watu hawa hawa ndio wanaouliza kompyuta iko wapi. Kama wote wangelipa mwaka huu peke yake tungekuwa na shilingi 820,000 zaidi mezani, na mjadala wa jarida au kompyuta usingekuwa mkali kiasi hiki.

Kwa mwaka ujao, toleo la pili lipo njiani hali itakaporuhusu, na tunatafakari kurasa za rangi ziwe chache. Suala la kompyuta halijasahaulika. Mazungumzo na wadau kuhusu ofisi yanaendelea na dalili ni nzuri. Tunategemea pia kufufua tawi la Moshi.

Nakala 217 zimetolewa stoo Kaloleni asubuhi na ziko kwenye maboksi pale mlangoni. Kila mwanachama achukue 5 za kwenda kuuza na asaini kwenye daftari la Katibu. Chai itatolewa baada ya kusaini.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Arusha