Pandora hakumwaga siri ya mtu

Mhariri,

Msemo wa "kufungua sanduku la Pandora" umeshazoeleka katika habari za siasa na za mahakamani, lakini mara nyingi hubebeshwa maana ya kufichua siri. Kwa kazi hiyo Kiswahili kina "kumwaga mtama penye kuku wengi", na siri zikiwa za zamani, "kufukua makaburi". Pandora hakufichua kitu. Aliachia maafa, nayo yalipotoka hayakurudishika.

Kisa hiki kimo katika utenzi wa Hesiod, mshairi wa Ugiriki ya kale, uitwao Kazi na Siku, wa mnamo mwaka 700 K.K. Prometheus, wa jamii ya miungu wa kale, aliiba moto wa Zeus, mfalme wa miungu, akauficha ndani ya bua la shamari. Kulipiza kisasi, Zeus akaagiza Hephaestus, mungu mhunzi, afinyange mwanamke kwa udongo na maji, ndiye Pandora. Mungu wa kike Athena akamfunza kufuma, mungu Hermes akamtia uwongo na hila. Epimetheus, nduguye Prometheus, alikuwa ameonywa asipokee zawadi yoyote ya Zeus. Akampokea. Mwanamke akaondoa kifuniko, taabu zikatapakaa. Magonjwa huja kimya hadi leo, asema mshairi, kwa kuwa Zeus aliyanyima sauti. Ile amri ya "usifungue" tunayosimuliwa siku hizi haimo humo, wala udadisi wa Pandora.

Na sanduku nalo halimo! Neno la Hesiod ni pithos: mtungi mkubwa wa udongo wa kuwekea mvinyo, mafuta au nafaka, mwingine wenye kimo cha mtu, ambao mara nyingi ulifukiwa nusu ardhini. Pale Knossos, kasri la kale kisiwani Krete, mitungi hiyo ingali imesimama. Sanduku huhusishwa na Erasmus wa Rotterdam, mwanazuoni wa Uholanzi, ambaye mwaka 1508, akisimulia kisa hiki kwa Kilatini katika mkusanyo wake wa methali, aliandika pyxis, yaani kikopo chenye kifuniko. Huenda alikichanganya na kisa cha Psyche, binti wa hekaya nyingine ya kale, ambaye kweli alibeba kikopo cha namna hiyo.

Si lazima magazeti yaache "sanduku". Ila anayetafsiri kisa chenyewe aandike "kasiki", yaani mtungi mkubwa, maana bila hivyo mstari muhimu kuliko yote unapotea: tumaini lilisalia ndani, chini ya mdomo wa chombo, kifuniko kiliporudishwa. Sanduku halina mdomo wa kuzuia kitu. (Kama tumaini lilihifadhiwa kwa ajili yetu au tulinyimwa, wasomi wangali wanabishana.)

Kwa meza ya habari, ripoti ya ukaguzi ikianika wizi, Pandora hahusiki. Lakini serikali ikikubali kusogeza mpaka wa wilaya moja, kisha wilaya nyingine kumi zikaibuka na madai ambayo hakuna awezaye kuyazima, hapo mwandishi amtaje bila wasiwasi.

Mfasiri, msomaji wako