Kabla ya kung'oa jino, angalieni taya

Mhariri, naomba nafasi niongelee kiungo cha taya, maana ukurasa wa afya kila nikiufungua nakuta presha na sukari, ni muhimu sikatai, ila hili la taya sijawahi kuliona na watu tunaumia nalo kimyakimya.

Mimi lilinitesa miezi saba. Lilianza kuuma mbele ya sikio la kushoto, nikajua sikio, nikapewa dawa ya matone, nikapewa na antibayotiki, nimemaliza dozi mbili hola. Kichwa nacho kinagonga kila asubuhi. Nikaenda kliniki moja ya meno wakasema ni gego, wakaling'oa, na lile gego halikuwa na tundu hata moja jamani, maumivu yakabaki vilevile. Mpaka leo ulimi ukipita kwenye lile pengo roho inaniuma.

Aliyenigundulia ni daktari mwingine kabisa, na hakuanza na mashine. Aliweka vidole mbele ya masikio yangu yote mawili akasema fungua mdomo, funga, taratibu, basi taya likawa linakimbilia kushoto kwanza halafu ndo linanyooka, na linalia ka! hadi yeye alisikia. Akaniambia nisimamishe vidole vyangu vitatu niviingize kati ya meno ya mbele, vikaingia viwili. Kisha akaniuliza kama nasaga meno usingizini, mume wangu aliyekuwa pembeni akadakia, kila siku daktari!

Akanielewesha kwamba taya halifunguki kama bawaba ya mlango tu, linateleza na kwenda mbele pia, na katikati ya mifupa kuna kisahani cha gegedu, kikitoka mahali pake ndo unasikia ule mlio au taya linakwama. Misuli nayo inachoka kwa kusaga na kubana meno hasa ukiwa na stresi. Wengine ni kipigo au ajali, wengine baridi yabisi. Mlio peke yake bila maumivu alisema hauhitaji tiba, usikutishe.

Tiba yenyewe sasa! Vyakula laini kwa wiki kadhaa, kitambaa cha moto shavuni, bigijii marufuku, mazoezi ya kufungua mdomo polepole, na usiku navaa kifaa cha plastiki juu ya meno. Kilichonisaidia zaidi ni kitu kidogo mno: midomo ifungwe ila meno ya juu na ya chini yasigusane, kumbe yanatakiwa kukutana wakati wa kutafuna na kumeza basi. Wengi wanapata nafuu hivihivi, kuoshwa kiungo kwa sindano au upasuaji ni kwa wachache walioshindikana. Na mtu akitaka kukusaga meno ili eti yakae sawa, mwambie asubiri kwanza, jino likishasagwa halirudi.

Halafu kuna wale wanaopiga mwayo mdomo ukagoma kufunga, tafadhali msiwavute taya nyumbani, wapelekeni hospitali, daktari anajua namna ya kubonyeza magego ya chini taya lirudi mahali pake.

Ombi langu, mtafuteni daktari wa kinywa na meno mumpe ukurasa mzima, na muweke picha ya hicho kiungo kubwa, mtu aione aweke kidole palepale panapomuuma.

Msomaji wenu wa kila siku