Risala ya Kamati ya Afya ya Shehia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kampeni ya Kichocho, Pemba

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Sheha, viongozi wa wilaya, masheikh na maustadhi wetu, daktari dhamana wa kituo chetu cha afya, walimu wakuu, wazee, akinamama wa vikundi vya mpunga na wanafunzi, Assalaamu alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Nawe Mheshimiwa tunakushukuru kwa kuikubali barua yetu na kwa kufika kwa wakati, ingawa njia ya kutokea kwenye lami haikukupa raha. Tumefarijika zaidi kwamba kabla ya kukaa kwenye kiti uliomba upelekwe bondeni ukaone mwenyewe akinamama wanapofulia. Wageni wetu waliotangulia tuliwapokea kwa heshima hii hii, lakini bahati hiyo ya kufika bondeni hawakuipata, waliishia hapa chini ya turubai.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu tutaipita haraka. Pemba ilianza kupambana na kichocho kwa dawa za maskulini mwaka 1986. Mwaka 2000 ikafunguliwa Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri kule Wawi. Kuanzia 2012, shehia 90 za Unguja na Pemba ziliingia katika mradi wa kujaribu kuyaondoa kabisa maambukizi: dawa kwa jamii nzima mara mbili kwa mwaka, na katika baadhi ya shehia kukaongezwa kuua konokono au elimu ya kubadilisha tabia. Maambukizi yalishuka sana, ila hayakukatika. Kamati yetu ilizaliwa katika vuguvugu hilo. Inasimamia pia visima, vyoo na usafi wa wauza vyakula mbele ya skuli, lakini mambo hayo tumeyaacha kwa makusudi ili muda wako tuutumie kwa jambo moja.

Mafanikio yetu ni makubwa na tunajivunia. Tumechora ramani ya sehemu zote ambazo wakaazi wanaingia majini, kuanzia darajani hadi mwisho wa bonde la mpunga. Tumesimika mabango sita. Tunazo pampu mbili za mgongoni za kupulizia dawa ya konokono, na moja kati ya hizo inafanya kazi. Klabu ya afya ya skuli imefundisha wanafunzi wote wa darasa la nne kumtambua konokono anayebeba kichocho, yule mdogo ambaye wataalamu humwita Bulinus globosus. Mtoto akimshika ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukimtazama, mdomo huo huwa upande wa kushoto. Konokono wengi wa maji wanaofanana naye mdomo wao uko kulia. Hata mtoto wa miaka tisa halikosei hilo.

Katika ugawaji wa dawa, kamati haijawahi kukosa zamu hata moja. Dawa ya prazikwanteli hutolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, lakini kwa kuwa mizani haifiki kila pahali tunatumia fito ya kupimia urefu. Aliyefika sentimita 94 na hajafika 110 hupewa kidonge kimoja cha miligramu 600. Kuanzia 110 hadi 125 kimoja na nusu, kuanzia 125 hadi 138 viwili, na mtu mzima wa 160 hadi 178 hupewa vinne. Jambo ambalo wengi hulipuuza ni chakula. Kidonge ni kichungu, na akikimeza mwenye njaa hupata kichefuchefu, hutapika, dawa ikapotea, na zamu ijayo mzazi wake humficha. Kwa hiyo akinamama wa kamati hupika uji alfajiri, na hakuna anayepewa kidonge kabla ya kumaliza kikombe chake. Uji huo, Mheshimiwa, hauna fungu. Unatoka majumbani mwao.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba pale maambukizi yanapofika asilimia 10 dawa itolewe kila mwaka kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka miwili, isibaki kwa wanafunzi peke yao. Kamati inauunga mkono mwongozo huo kwa moyo mmoja, kwa sababu mama anayefua kila wiki na mkulima wa mpunga hawamo kwenye daftari la mwalimu. Mama mwenye kichocho kilichoingia sehemu za uzazi huweza kutokwa na damu au kuumwa miaka mingi, na mara nyingine hudhaniwa ana maradhi ya zinaa akaona haya kwenda kituoni. Hili tunalisema mbele ya hadhara kwa sababu kulinyamazia kumeshawaumiza wengi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tukuite.

Dawa tunameza, na maradhi yanarudi. Hili si kwa sababu dawa ni mbovu wala watu ni wakaidi. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini minyoo michanga, iliyoingia mwilini wiki chache tu nyuma, haiiathiri ipasavyo. Zaidi ya hapo, dawa haimkingi mtu na maambukizi mapya. Mtoto aliyemeza Jumamosi akaingia mtoni Jumapili ameanza upya. Mkojo wenye mayai ukiingia kwenye maji yasiyo na chumvi, yai huanguliwa, kijidudu kikatafuta konokono, na kina siku moja hivi ya kumpata. Ndani ya konokono huzaana kwa wiki kadhaa, kisha hutoka kwa maelfu na kuogelea kutafuta ngozi ya mtu. Hakihitaji kidonda wala kunywewa. Hupenya ngozi nzima kwa dakika chache, mtu akiwa amesimama tu majini.

Vijidudu hivyo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, takriban saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Ndiyo maana kwa miaka yote elimu inayotolewa ni kwamba watu wafue mapema asubuhi. Tunawaheshimu waliotoa ushauri huo, lakini wakaazi wa bonde hili hawauwezi. Asubuhi mama yuko kwenye mpunga, naye pia yuko majini. Anarudi saa nne, anakusanya nguo, na anafua wakati huo kwa sababu nguo zinataka jua zikauke kabla ya mvua ya mchana. Watoto wanamfuata na kuoga pale pale. Saa ya hatari na saa ya kufua ni ile ile.

Ushauri wa pili ni kuyaacha maji yakae siku mbili kwenye chombo kisicho na konokono, ili vijidudu vife. Ni kweli, havifiki siku ya tatu. Lakini nguo za familia ya watu saba zinahitaji si chini ya lita 80, maana yake madumu manne ya lita 20 yakae pembeni siku mbili bila kuguswa, katika nyumba ambayo mara nyingi ina madumu matatu tu kwa shughuli zote. Na aliyeingia mtoni kuyachota maji hayo miguu yake imekwisha kuloa.

Kuua konokono nako tumefanya. Niklosamaidi hupulizwa ukingoni na kwenye magugu, na ndani ya siku moja konokono hufa. Lakini walio ndani ya tope na chini ya majani mazito hubaki, na wakati wa kiangazi dimbwi likikauka wengine hujizika wakasubiri mvua. Konokono huyu ana dume na jike ndani ya mwili mmoja, kwa hiyo akibaki mmoja tu dimbwi huweza kujaa tena baada ya masika. Dawa hiyo pia huua samaki na vyura, na wavuvi wa vidimbwi wana haki ya kulalamika. Tunaendelea nayo katika sehemu chache, lakini bila ya kitu kingine ni sawa na kutia maji kwenye pakacha.

Kitu hicho kingine, Mheshimiwa, ni maji ya mfereji, yaani ya bomba, pale pale karibu na bonde, pamoja na jukwaa la kufulia na vyoo viwili. Hatuombi zahanati mpya, hatuombi gari.

Jukwaa tunaloomba ni la zege, mita 6 kwa 3, lenye sehemu nane za kufulia zilizoinuliwa kimo cha kiuno, kwa sababu mama akiinama saa mbili mgongo humlazimisha kurudi kwenye majabali ya mtoni. Sakafu iwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita ili maji ya sabuni yasituame, yaelekee kwenye shimo la kokoto la kunyonyea, na kwa hali yoyote yasirudi mtoni. Mahali jukwaa lilipojengwa bila shimo la kunyonyea, chini yake hupatikana dimbwi, na dimbwi likikaa na magugu konokono huhamia hapo hapo. Vyoo viwe mita 30 au zaidi kutoka ukingoni, na shimo lijengwe kwa matofali na kuinuliwa juu ya ardhi, kwani bondeni wakati wa masika maji ya chini hupanda na shimo la kawaida hufurika. Choo kilichofurika hupeleka mkojo mwingi zaidi mtoni kuliko mtu aliyejisaidia kichakani.

Tangi liwe la lita 5,000. Tunasisitiza kiwango hiki kwa sababu tumewahi kuambiwa la lita 1,000 linatosha. Sehemu nane kwa lita 80 ni lita 640 kwa mkupuo mmoja. Siku ya kufua huwa na mikupuo mitatu, yaani lita 1,920. Tangi la 1,000 litakauka kabla ya adhuhuri na akinamama watashuka mtoni saa sita, saa mbaya kuliko zote. Na kwa kuwa maji ya bomba huja kwa zamu, tangi la 5,000 linatuvusha siku mbili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, haya si maombi mapya. Mgeni wetu mmoja, katika hafla kama hii, alituambia tuchimbe mtaro kwanza na mipira ya kupitishia maji italetwa. Tulipiga msaragambo, tukachimba mita 450 kutoka bomba kuu hadi bondeni, kina cha sentimita 60 kama tulivyoelekezwa, ili gari la ng'ombe lisije likaukata mpira. Mipira haikuja. Masika yakaufukia mtaro. Mgeni aliyefuata aliahidi tangi, akatuomba tujenge kitako chake. Tulijenga kwa matofali ya kuchangiana. Kitako umekiona leo njiani, kimeota majani na watoto wanakaa juu yake kungoja mpira wa jioni. Mtaro tuliuchimba mara ya pili, na hiyo ndiyo mistari ya udongo mwekundu uliyoipita ukishuka. Vijana wanatuuliza iwapo kutakuwa na mara ya tatu, na sisi wajumbe hatuna jibu la kuwapa.

Hatulaumu mtu. Tunajua mahitaji ya Serikali ni mengi na kila mgeni aliahidi kwa nia njema. Tunachoomba ni kwamba ahadi ya leo, ikiwa utatutunuku, iwe ndogo kuliko moyo wako unavyotaka lakini iwe na tarehe.

Kinachohitajika kuanza ni roli tano za mipira ya inchi 2 zenye mita 100 kila moja, ili zibaki mita 50 za matengenezo, vali mbili, moja kwenye bomba kuu na moja kabla ya tangi, tangi lenyewe, na mifereji tisa, nane ya jukwaa na mmoja wa kuchotea. Mafundi tunao. Mchanga na kokoto tutabeba wenyewe. Mtaro tutauchimba kwa mara ya tatu siku tutakayoona mipira imeshushwa hapa skuli, na si kabla. Akinamama wameshakubaliana kuchangia fedha kidogo kila mwezi kwa ajili ya koki zinazovuja, kwa sababu mfereji unaovuja ukiachwa wiki mbili hutengeneza tope, na wiki ya nne konokono yupo.

Kitabu cha wageni kiko mezani kwako. Katibu amekitenga ukurasa mmoja na kuupiga mistari mitatu: kitu kitakacholetwa, tarehe yake, na jina la ofisa ambaye kamati itamfuata ikipita tarehe hiyo. Tunakuomba, Mheshimiwa, uujaze kabla hatujakukaribisha kwenye chakula.

Wabillahi tawfiq.

Kamati ya Afya ya Shehia