Shukrani kwa kaka aliyetufungia vifaa vya karakana

Kaka uliyetusaidia kupakia vifaa pale Majengo, Dodoma, hukutaja jina wala hukupokea hata ya soda. Asante sana.

Mtungi wa asetilini, gesi ya kuchomelea, ulikuwa umeshalazwa kwenye Fuso. Uliushusha, ukafunga vali, ukatoa regulata ya kupunguza presha, ukarudishia kofia na kuufunga wima kwenye bodi, kamba mbili, juu na chini. Gesi ile imeyeyushwa ndani ya kimiminika kiitwacho asetoni. Mtungi ukitumika ungali umelala, asetoni hutoka pamoja na gesi na kuharibu moto na mipira ya kupitishia gesi. Uliolazwa husimamishwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Wa oksijeni ukaufunga vivyo hivyo.

Jenereta uliifunga koki ya petroli, ukaiacha iungurume hadi ikazima yenyewe, kabureta ikabaki kavu. Ilipopoa ndipo ukamimina petroli ya tangi kwenye dumu. Wengi huruka hatua hii, kisha petroli ikimwagika wanalaumu barabara. Tena uliikataza kulala ubavu, maana oili hupanda kwenye silinda na kulowesha chujio la hewa.

Patasi ulizivisha vipande vya tyubu ya baiskeli, ncha kwa ncha. Diski za grenda ukazitoa na kuzilaza bapa juu ya ubao: yenye ufa hupasuka ikizunguka, na ufa mwingine hauonekani kwa macho.

Tumefika Kondoa salama. Turubai lako bado liko kwetu, pitia ulichukue.