Kurekodi vipindi vya televisheni

Ndugu Mhariri,

Ugomvi wa saa mbili usiku, baba akitaka taarifa ya habari na watoto tamthilia, unaweza kwisha kwa kurekodi. Ving'amuzi vingi vyenye tundu la USB vina uwezo huo ukichomeka flashi, ila hulaumiwa bure kurekodi kunaposhindikana.

Kosa kubwa ni saa. Weka GMT +3 (saa za Afrika Mashariki), na kumbuka king'amuzi hakijui saa za Kiswahili: saa mbili usiku huandikwa 20:00. Ukiandika 02:00, kitarekodi saa nane usiku. Ongeza dakika 5 mwanzoni na 10 mwishoni. Kwa mpira, ongeza 30 mwishoni. Kisha zima kwa rimoti tu. Ukizima ukutani, hakirekodi chochote.

Kipindi cha picha ya kawaida, isiyo HD, hula takriban GB 1 hadi 2 za flashi kwa saa. Flashi dhaifu huandika polepole, ndipo picha hukatakata. Hiyo si kasoro ya antena. Flashi iliyofomatiwa (iliyoandaliwa) kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, haipokei faili linalozidi GB 4, kwa hiyo mechi ndefu hugawanywa vipande. Na kufomati hufuta kila kitu, picha za harusi zikiwemo!

King'amuzi chenye tyuna (kipokea mawimbi) moja kikirekodi, utaweza kutazama tu chaneli zilizo kwenye masafa yaleyale. Wauzaji wawaambie wateja hili kabla ya kupokea pesa, kwa sababu aliyezoea kurekodi huacha kufuata ratiba, tena huruka matangazo, na hilo ndilo analolipia.

Fundi ving'amuzi,
Tanga