Harambee ya Matibabu na Makao ya Mwanakwaya Wetu, Kayole

Wapendwa waumini, majirani na marafiki,

Kwa ridhaa yake na ya familia yake, tunawaomba mchango kwa ajili ya dada yetu wa sauti ya pili katika kwaya, ambaye anaugua multipo sklerosisi, yaani MS. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, hivi kwamba ujumbe unaopita humo huchelewa au haufiki kabisa.

Tujibu wazi jambo ambalo limenong'onwa hata humu kanisani, kwamba ni uvivu tu: dada huyu si mvivu. Uchovu huwapata wagonjwa wengi wa MS na hauondoki kwa kulala tu, kwa sababu neva zenyewe zimeumia, na mwili ukipata joto kidogo hali huzidi. Naye anaishi ghorofa ya nne, chini ya mabati, mahali ambapo mwezi wa Februari hata mzima hutafuta kivuli. Zimeguswa pia neva zinazoongoza presha na kibofu bila sisi kuamua. Ndiyo sababu hubaki ameketi wakati wa Injili, kwani akisimama ghafla presha hushuka na macho huingia giza. Kwa kuwa choo kiko chini na mkojo haumsubiri, amezoea kunywa maji kidogo, na huko kukosa maji kunaishusha presha zaidi.

Daktari wake amemwandikia rituksimabu, dawa ya dripu ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwaka 2023 katika orodha ya dawa muhimu kwa MS. Fedha zitalipia dawa hiyo, picha ya MRI, na, kwa uamuzi wa kamati, feni pamoja na kodi ya nyumba ya chini. Wapo waliouliza kama nyumba ni matibabu. Kwetu sisi, dawa haitamfaa ipasavyo mtu anayemaliza nguvu zake zote za siku kwenye ngazi.

Ahadi ziandikishwe kwa mweka hazina baada ya ibada, na risiti zote zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mwenye chumba cha chini chenye choo ndani, hapa Kayole au Umoja, tafadhali azungumze na mwenyekiti hata kabla ya siku ya harambee.